Dogo ni beki ila anapenda kupanda: mambo ninayoyaangalia kabla sijasema huyu atafika mbali

Wadau wa soka wa Chuga (Arusha) na Moshi, katika wachezaji wote wa umri mdogo ninaowaangalia hakuna anayenipa kazi kama namba mbili au namba tatu, yaani beki wa kulia au wa kushoto, mwenye kupenda kupanda kwenda kushambulia. Mazuri yake yote yanaonekana na mabaya yake yamejificha, yaani anakata mbuga, anamwaga majaro (krosi), watu pembeni wanashangilia, alafu goli linaloingia baadae kupitia upande wake analaumiwa beki wa kati. Nafundisha vijana hapa Arusha na nikipata nafasi nashuka Moshi kuangalia mechi, wazazi na makocha wenzangu wananiuliza sana kuhusu hawa madogo, kwahiyo leo naandika.

Kwanza kabisa usihesabu asisti, yaani pasi za magoli. Mechi zetu za mchangani winga wa timu pinzani harudi kukaba, dogo mwenye spidi anapanda bure mpaka kwenye kona, anapiga krosi, inakuwa goli, mtaa mzima unasema anaenda Simba. Wewe angalia anapanda muda gani. Kama kiungo wake kapokea mpira akageuka na yuko huru, hapo beki apande na apande kwa nguvu zote. Lakini kama kiungo kapokea akiwa ameangalia goli lake mwenyewe na kuna mtu anamsukuma mgongoni, beki anayekimbia mbele muda huo anaiacha timu uchi, maana mpira ukipokonywa pale kaunta, yaani shambulizi la haraka la wapinzani, inapita palepale alipotoka. Dogo mwenye akili anasubiri kidogo, aone kwanza mpira umekaa mguuni mwa mwenzie, ndo anaondoka. Kungoja huko ndo kipaji chenyewe na hakuna mtu anayekipigia makofi.

Kuna dogo mmoja wa kulia namfuatilia kwenye mechi za Ngarenaro hapa Arusha, kiukweli huyu ananifurahisha sana. Kabla mpira haujamfikia anageuza shingo, anamcheki winga wa mbele yake alafu anacheki nyuma yake, kwahiyo mpira ukifika ameshaamua. Na krosi yake ikizuiwa hasimami kushika kiuno, hamlaumu straika, anageuka palepale anaanza kurudi, na harudi kwa kufuata mstari wa pembeni kama wengi wanavyofanya, anakata ndani kuelekea mlingoti wa karibu wa goli lake, maana hatari iko pale, haiko kule pembeni alikotoka. Sijui nani alimfundisha, inawezekana hakuna aliyemfundisha.

Kukaba nako kuna sehemu mbili ambazo mi nazitazama sana. Akibaki yeye na winga peke yao, je, anajirusha? Mabeki wengi wanaopenda mpira wana haraka ya kuuchukua wapate kupanda tena, kwahiyo wanaingia mguu, wanapigwa chenga moja, kwisha. Anayefaa anasimama upande upande, anamsukumia winga nje, anamchelewesha mpaka wenzie warudi. Ya pili ni pale mpira ukiwa upande wa pili kabisa wa uwanja, na hapa nawaomba msiutazame mpira, mtazameni dogo wenu. Anatakiwa asogee ndani karibu na mabeki wa kati huku akijua aliyeko nyuma yake ni nani, maana krosi ndefu za mlingoti wa pili ndo zinawaua mabeki wa aina hii kila wiki. Ukimwona ameganda anaangalia mpira tu, bado ana kazi kubwa ya kufanya, hata kama jana alitoa asisti tatu.

Ila na sisi makocha tupunguze jambo moja, linaniuma sana hili. Dogo akipanda mara moja mkafungwa, kocha anapiga kelele "kaa nyuma! kaa nyuma!" mpaka mtoto anakuwa muoga, na msimu ukiisha una beki wa kawaida ambaye timu yoyote inaye. Kujipanga kunafundishika, kusimama vizuri kunafundishika, ila ule ujasiri wa kubeba mpira kutoka nyuma na kuona pasi ambayo wengine hawaioni ukishauua haurudi kirahisi. Trent Alexander-Arnold, alipokuwa beki wa kulia wa Liverpool, kila siku alikuwa anasemwa hajui kukaba, na msimu wa 2018/19 akatoa asisti 12 kwenye ligi ya Uingereza akiwa na miaka 20, msimu uliofuata akatoa 13 na Liverpool wakabeba ubingwa. Hawakumfunga kamba, walipanga viungo wa kumfunika akipanda. Kwahiyo ukimpima dogo jiulize pia anacheza na nani, maana kama kiungo mkabaji wake hasogei kuziba nafasi utamhukumu mtoto kwa kosa la timu.

Alafu kuna swali la namba yenyewe, hili wazazi wanaliogopa bila sababu. Gareth Bale alianza beki wa kushoto Southampton, akaenda Tottenham 2007, huko akasogezwa mbele, 2013 Real Madrid wakamchukua kama winga. Alphonso Davies yeye alifika Bayern akiwa winga, akarudishwa beki wa kushoto, 2020 akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akicheza hapo. Kwahiyo dogo wa miaka 15 au 16 usimfungie mlango kwenye namba moja. Mi naangalia akipoteza mpira anakasirika anarudi kuutafuta au anaona si kazi yake. Anayerudi mwache beki, anayeona si kazi yake mjaribu winga mapema kabla hajapoteza miaka.

Na mwili. Kuna watoto wanakomaa mapema, akiwa na miaka 15 ana mapaja ya mtu mzima, anawapita wenzie kwa misuli tu, wenzie wakimfikia anabaki hana kitu. Mpeleke acheze na wakubwa, akikuta winga mwenye spidi kama yake hapo ndo utajua kichwa chake kina nini. Na umri uwe wa kweli jamani, FIFA walianza kupima umri kwa MRI (picha ya ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009, ukidanganya leo unamharibia mtoto kesho. Pia msidanganyike na pumzi, sisi Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, dogo aliyezoea hapa anaweza kupanda na kushuka dakika zote 90, mshushe Dar mchana wa joto na unyevu ndo umwone kipindi cha pili, maana beki wa aina hii bila miguu ya dakika za mwisho anakuwa mzigo.

Akija mtu anasema dogo wa miaka 16 ana timu Ulaya, lipa hela ya viza haraka, tulia kwanza. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache maalum, kwahiyo muulize huyo wakala leseni yake na akuonyeshe ni sababu ipi anatumia.

Na mnaonitumia video, naomba msinitumie klipu za dakika mbili zenye muziki, chenga na krosi tupu, kwa beki hazinisaidii kitu. Panda juu ya jukwaa pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha au Ushirika Moshi, laza simu, rekodi mechi nzima, na usiufuate mpira, hakikisha dogo anaonekana kwenye picha muda wote, hasa pale timu yake imepoteza mpira na yeye yuko mbele.