Kidole Kimesema "Positive", Je, Dawa Imeshindwa?

SWALI: Daktari, miezi minne iliyopita nilimaliza vidonge vya homa ya ini aina ya C, wiki 12 bila kuruka. Juzi nimetobolewa kidole kliniki moja hapa Kariobangi, wakasema bado niko "positive". Jamaa wa mitishamba ananiuzia chupa ya kusafisha ini, shilingi 3,500. Kujidunga niliacha, ila chang'aa nagusa kidogo. Nilimeza dawa bure?

JIBU: Kabla hujatoa pesa, rudi uwaulize walipima nini. Kile cha kidole hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Alama hiyo kwa kawaida hubaki hata kirusi kikiisha kabisa. Kumpima nayo mtu aliyekwisha tibiwa, kisha kumwambia "bado unao", ni kumtisha bure, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa wauza chupa. Kipimo chako ni cha RNA, kinachomsaka kirusi mwenyewe, kuanzia wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Wewe umeshazipita. Asipoonekana, umepona. Vidonge vya homa ya ini C, sofosbuviri na daklatasviri, huponya zaidi ya wagonjwa 90 kwa kila 100, ila rifampisini ya kifua kikuu au karbamazepini ya kifafa huvunja nguvu yake. Kama ulikuwa unameza mojawapo, mwambie daktari.

Sasa hiyo chupa. Ini si sufuria, halisuguliwi. Lenyewe ndilo linalochuja unachomeza, na mchanganyiko usio na lebo wala kipimo hulifikia kabla ya viungo vingine vingi. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, muuzaji atakwambia sumu inatoka. Hapana! Hiyo ni nyongo imevuja kwenye damu kwa sababu ini limeumia, na hapo ni hospitali, si chupa ya pili.

Chang'aa nayo: ini lenye makovu halijui "kidogo". Omba wakupime AST (kimeng'enya kinachovuja ini likiumia) na chembe sahani za damu (zinazogandisha damu), vipimo vya kawaida vinavyotoa makadirio ya makovu. Yakiwa yamekomaa, utahitaji picha ya ultrasaundi kila miezi 6 kutafuta saratani, hata kama kirusi kimeisha.

Na kwa wanaoendelea kujidunga: kupona hakuleti kinga. Unaweza kuambukizwa tena wiki ijayo. Kila mtu anaijua sindano, lakini kijiko, pamba ya kuchujia na maji ya kusuuzia husahaulika, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Ndani ya bomba la sindano kirusi huweza kuishi wiki kadhaa. Kusuuza kwa maji hakumuui. Kila mtu awe na seti yake nzima, mpya. Anayetaka kuacha heroini, methadoni, dawa mbadala wake, hutolewa Mathari na Ngara, hapa Nairobi. Homa ya ini C haina chanjo, ya B inayo: pima B, na kama hujaambukizwa, uchanjwe dozi 3.