Wasomaji Wanauliza: Ndege wa Jarubani Mwenye Jicho Jeupe

SWALI: Kwenye majaruba ya mpunga huku kwetu karibu na ziwa namwona ndege wa kadiri ya njiwa, mdomo mrefu, shingo ya damu ya mzee, na weupe kuzunguka jicho. Nikimsogelea anapotea, halafu anaruka karibu na miguu yangu. Picha zinatoka giza, au majani matupu. Ni ndege gani, na hilo dume nilipigeje picha? – Msomaji, Magu

JIBU: Huyo kwa jina la kisayansi ni Rostratula benghalensis (kwa Kiingereza, Greater Painted-snipe), na uliyemwona ni jike. Kwa ndege hawa jike ndiye mwenye rangi. Dume ni mdogo kidogo, amefifia, ana madoa ya manjano mabawani, na ndiye anayeatamia mayai, kwa kawaida manne, na kulea vifaranga. Jike akishataga huenda kutafuta dume mwingine. Usimchanganye na ndege mwingine anayefanana naye, mwenye mdomo ulionyooka kabisa, anayeruka kwa kupindapinda: huyu wako mdomo wake umeinama kidogo kwenye ncha, ana mkanda mweupe unaopanda begani, na huruka kizito, miguu ikining'inia.

Kumsogelea ndiko kunakokukosesha picha. Akihisi hatua huganda kwenye majani, na rangi zake zinamficha vizuri mno. Huruka pale tu unapokaribia kumkanyaga. Kwa hiyo usimfuate. Fika saa 12 kamili asubuhi, kabla jua halijatoka, ukae kwenye tuta la upande wa mashariki ili mwanga ukichomoza utoke mgongoni kwako. Kaa chini, si kusimama, na lenzi iwe chini karibu na usawa wa tope. Mfuko wa kitambaa uliojaa mchele robo tatu, ukiwekwa juu ya tuta, unatosha kuishikilia kamera. Ukiujaza pomoni kamera inateleza. Tazama pale tope linapokutana na majani. Kinachomfichua ni makalio: akitembea huyapandisha na kuyashusha bila kukoma. Jioni, jua likianza kuzama, hutoka tena. Upande wa kukaa ni magharibi.

Giza la picha lina sababu yake. Mwanga wa saa hiyo ni mdogo, basi fungua tundu la lenzi hadi mwisho, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200, kasi ya shata 1/250 akiwa ametulia na 1/1000 akitembea upesi. Afadhali picha yenye chengachenga kuliko ukungu wa mtikisiko, maana chenga husafishika. Jua likishapanda mambo hugeuka: tope jeusi huidanganya kamera iongeze mwanga, na weupe wa jichoni na tumboni ukaungua. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera; huandikwa -0.7). Fokasi nayo iwe ya nukta moja, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague, itashika jani la mbele.

Ukimwona dume aliyefifia amelala chini na hataki kuondoka ingawa umefika karibu, huenda yuko juu ya mayai. Rudi kwa njia uliyojia wala usifyeke majani upate picha safi, kwani kunguru na kenge huona kiota kilichoachwa wazi. Kumchezea sauti za ndege kwenye simu nako tuache.

Vaa buti za mpira zisizovuja. Kichocho kipo kando ya ziwa lote, na maji ya majaruba si salama zaidi. Mwombe ruhusa mwenye shamba, na umuulize kama amepuliza dawa siku hizo.

SWALI: Sina kamera, nina simu na darubini. Nitapata kitu? – Msomaji, Ilemela

JIBU: Utapata picha ya kumtambulisha, si ya kutundika ukutani. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) ikae juu ya mfuko uleule. Kunja au teremsha mpira wa tundu la kutazamia, gusisha lenzi kuu ya simu hapo, kisha kuza kidogo mpaka duara jeusi la pembeni lipotee. Bonyeza ndege kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, uteremshe mwanga kidogo. Usipige picha mojamoja; kidole kinatikisa kila kitu. Rekodi video ya sekunde 20, halafu chagua fremu aliyotulia.