Kwa nini mbwa wa Georgia hukalia barafu?

SWALI: Nimemwona kwenye runinga buldogi mweupe wa timu ya Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, amelala juu ya mfuko wa barafu. Si mateso hayo?

JIBU: La, ni kinga. Huyo ni Uga, mbwa anayeiwakilisha timu kama nembo yake hai; ukoo wake ulianza kazi hiyo mwaka 1956, ingawa Chuo Kikuu cha Yale, pia cha Marekani, kilitangulia na buldogi wake, Handsome Dan, tangu 1889. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na pua fupi ya buldogi hupitisha hewa kidogo. Joto likizidi, koo huvimba, hewa hupungua zaidi, na anaweza kufa. Septemba Georgia bado kuna joto kali, hivyo hata kibanda chake uwanjani kina kiyoyozi. Mwenye buldogi amtembeze alfajiri, kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Akikoroma huku anahema, mmwagie maji, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo.