Homa imeisha, mwili bado

Mei 2019, masika ikiwa bado imejaza madimbwi huku Tabata, niliugua dengue, homa inayoenezwa na mbu. Mwaka ule wengi tuliugua Dar es Salaam. Homa ilinitoka siku ya saba, na siku ya kumi nikarudi dukani Kariakoo, maana kodi ya fremu haijui mgonjwa.

Alhamisi ulishuka mzigo. Nikabeba majora ya vitenge pamoja na vijana mpaka jioni, nikajisikia mzima kabisa. Ijumaa niliamka na uzito kidogo. Jumamosi nilishindwa kujifunga kanga. Nilikaa kitandani nimeshika pindo zake mbili, mikono inatetemeka, nikalia. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hiyo malaria imekurudia." Tukaenda zahanati, kipimo hakikuonyesha malaria, lakini nikatundikiwa dripu na kupewa dawa za malaria na za taifodi. Wiki mbili baadaye nikafua mashuka ya nyumba nzima, na baada ya siku mbili nikaanguka vilevile.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja mtu mzima aliyeniuliza, "Juzi ulifanya kazi gani?" Juzi, siyo leo. Akanieleza kwamba baada ya ugonjwa wa virusi, iwe dengue au hata mafua makali (na baadaye tukaiona hata kwa korona), wapo watu wazima ambao mwili wao hulipiza kazi baada ya siku moja au mbili. Kwa kuwa maumivu yanachelewa, hatuyahusishi na ile kazi. Tunadhani tumeugua upya, tunanunua dawa.

Nikachukua daftari la mwanangu la shule. Kila usiku niliandika nilichofanya, na kila asubuhi nilivyoamka. Wiki ya tatu nikaona wazi: kufua nikiwa nimekaa kwenye kigoda hakukunidhuru, wala daladala ya kusimama hadi Kariakoo. Vyote viwili siku moja vilinilaza. Basi nikavitenganisha, na nikajifunza kupumzika kabla sijachoka, jambo lililonishinda kuliko yote. Shemeji alinihimiza nikimbie asubuhi nitoe uvivu. Alinitakia mema, ila kwa mwili wa namna hii kujilazimisha huongeza ugonjwa.

Mwezi wa tatu tangu niugue, nywele zikaanza kung'oka mafungu kwa mafungu nikichana. Niliogopa sana. Kumbe homa kali huweza kufanya hivyo miezi miwili au mitatu baadaye, na kwa kawaida nywele huota tena.

Anayebaki na maumivu ya viungo huenda aliugua chikungunya, homa nyingine ya mbu, ambayo huuma viungo kwa miezi, wakati mwingine miaka. Ilitambuliwa kwanza kusini mwa nchi yetu, 1952, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu. Ila homa ikiwa bado mpya na hujapimwa, usikimbilie dawa ya maumivu ya diklofenaki. Kama ni dengue, inaweza kukuongezea hatari ya kutoka damu. Tumia parasetamoli.

Wala usilaumu virusi kwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani linahesabu korona ya muda mrefu pale dalili zinapokuwapo miezi mitatu tangu uugue, zimedumu angalau miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Hapo pa mwisho ndipo wengi tunaparuka. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda: peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Omba pia kipimo cha sukari, wingi wa damu na VVU. Kifua kikibana, ukihema ungali umekaa, mguu mmoja ukivimba au ukianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mimi nilibeba jora tena Oktoba. Moja tu, asubuhi, kisha nikakaa. Siku ya kwanza nikasubiri, ya pili nikasubiri. Ya tatu nilikuwa nimeshafika kituoni ndipo nikakumbuka kwamba nilijifunga kanga alfajiri bila hata kuwaza.