Selimundu na kuongezwa damu
La, dada uliyeuliza kama mwenye selimundu, maradhi ya kurithi ya chembe za damu, lazima aongezwe damu kila mwezi: haongezwi kwa sababu tu ana maradhi hayo. Wengi wanaishi na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita na mwili umeshazoea. Huongezwa ikishuka ghafla chini ya kawaida yake, bandama ikivimba, au kifua kikibana vibaya. Aliyewahi kupata kiharusi ndiye hasa huwekewa ratiba ya kila mwezi. Nampeleka mtoto wa kaka kliniki hapa Unguja. Daktari, muuguzi, hata wa maabara, wote huuliza kwanza kiwango chake cha kawaida cha hemoglobini, kwa hivyo daftari la kliniki lisiachwe nyumbani. Na zile dawa za madini ya chuma za dukani msimpe mgonjwa bila kupimwa, chuma hujaa mwilini kwa wanaoongezwa damu mara nyingi. Foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, ni kitu kingine, hiyo aendelee nayo.