Usisubiri Giza Liingie

Jioni tatu mfululizo niliikosa sayari ya Utaridi, na kosa lilikuwa lilelile: nilisubiri giza. Nilikuwa namaliza shughuli zangu taratibu, nikitoka nje nakuta nyota zimejaa na Utaridi imeshazama kitambo.

Jioni ya nne nilitoka Jua likizama tu, anga bado jeupe. Dakika ishirini nzima sikuona kitu. Kisha, juu kidogo ya paa la mbele, pakatokea nukta kama tundu la sindano. Nikipepesa macho, inapotea. Nilipoipata mara ya tatu, nikasogea hatua mbili kushoto hadi ikakaa juu kabisa ya ncha ya antena, ili macho yakihama nijue pa kurudi. Tangu hapo sitazami anga la jioni bila kutafuta antena, nguzo au tawi la kuwekea alama.

Sababu ya haraka hiyo ni kwamba Utaridi na Zuhura huzunguka Jua kwa ndani zaidi yetu, kwa hiyo kwetu hazionekani mbali nalo. Utaridi haizidi digrii 28, Zuhura 47. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wake ni kama digrii 10. Utaridi basi haifiki hata ngumi tatu kutoka lilipo Jua, nalo limeshakwenda chini ya upeo. Mimi huitafuta kati ya dakika 30 na 50 baada ya machweo. Mapema zaidi humezwa na mwanga, ukichelewa humezwa na vumbi na ukungu wa chini. Isitoshe, kila msimu wake hudumu wiki mbili tatu tu, kwa hiyo angalia kwanza kwenye programu ya ramani ya anga kama Stellarium kama ipo jioni au alfajiri.

Zuhura haina taabu hiyo. Inang'aa kiasi kwamba watu huidhani taa ya ndege. Ukiona haisogei, ndiyo. Ikishatawala jioni kwa miezi kadhaa hushuka kwa kasi, hupita kati yetu na Jua, kisha huibuka alfajiri. Ndiyo maana moja ikapewa majina mawili, nyota ya jioni na nyota ya asubuhi.

Sayari za Mirihi, Mshtarii na Zohali hazifungwi na Jua namna hiyo. Mshtarii ikiwa mkabala na Jua huchomoza mashariki Jua likizama magharibi, kwa hiyo geuka, uipe magharibi mgongo. Mwezi mwandamo nao ni msaada mkubwa: vuta mstari kutoka Jua lilipozamia hadi kwenye Mwezi, kisha uuendeleze. Sayari hazikai mbali na mstari huo. Watu husema sayari haimetimeti kama nyota, na ni kweli, ila ikiwa chini karibu na upeo usiiamini kanuni hiyo. Huko kila kitu humeta.

Ukiwa na darubini ya macho mawili, egemeza viwiko ukutani, utaona miezi ya Mshtarii ikiwa vidoa pembeni yake. Lakini usiiinue kuelekea magharibi kabla Jua halijazama lote, maana kulitazama kwa darubini kunaweza kupofua macho. Alfajiri hatari ni kubwa zaidi, maana Jua linakujia wakati umezama katika kutazama. Mimi hutega kengele ya simu dakika kumi kabla ya mawio. Ikilia, darubini inarudi mfukoni, hata kama Utaridi bado inaonekana.