Gari likizima njiani, usiombe liwake haraka

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli inayoitwa 3L, cc 2779. Haina kompyuta wala taa ya kukuambia inaumwa nini. Kwa miezi minne ilikuwa na tabia ya mgonjwa anayepona akifika mlangoni kwa daktari. Ikiwa hapa mjini Tanga, Chumbageni mpaka Raskazone, haina neno. Nikiipakia mzigo, nikapita Muheza na kuanza kupanda Amani, inazima. Napiga stata, inazunguka vizuri, haiwaki. Nakaa nusu saa namenya machungwa, napiga tena, inawaka kama haijawahi kukosea mtu. Kesho yake naipeleka gereji, fundi anapiga stata mara moja tu. "Mbona nzima hii, bosi?"

Basi tukawa tunabahatisha. Tulibadilisha filta ya dizeli, sawa, ilikuwa imechoka. Tukapeleka kupimwa nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia injini dizeli. Kisha nikauziwa plagi za moto. Plagi za moto, jamani! Kazi yake ni kupasha injini iliyolala baridi, na yangu ilikuwa inazima ikiwa na joto la kukaangia muhogo. Nililipa kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huuziwa chochote.

Siku iliyonifungua macho nilikuwa na mifuko 15 ya saruji nyuma. Tulishapita Sigi, tuko kwenye kona za mlimani, ikazima. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Sisi siku ile tulikuwa tunaelekea kuondoka kesho. Nikawa napiga stata, nasubiri, napiga tena. Akashuka na lori mzee mmoja, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Acha kwanza kupiga stata, utamaliza betri bure. Niambie, imekata ghafla kama umeme, au imekufa taratibu kama kibatari kilichoishiwa mafuta?"

Miezi minne, gereji tatu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri. Ilikuwa kama kibatari: nguvu zilipungua, nikakanyaga mafuta haikuitika, ikatetemeka, ikazima.

"Basi ina njaa," akasema. "Fungua boneti tuone chakula kimekwama wapi. Na uombe isiwake kabla hatujaona."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Ile nusu saa ambayo gari limegoma ndiyo nusu saa pekee linaposema ukweli. Likishawaka, ushahidi umekwenda, na mtakachofanya gereji ni kubadilisha vifaa mpaka fedha iishe. Kwa hiyo jifunze kupima vitu vichache wewe mwenyewe, palepale barabarani.

Kama stata haizungushi kabisa, au inalia "tik" basi, hiyo ni habari nyingine na mara nyingi ni nyepesi. Sisi wa pwani chumvi inatula vichwa vya betri. Vifungue, visugue, kaza, kisha fuata waya mnene wa betri unaofungwa kwenye bodi na injini, nao huoza. Kama gari limechemsha, liache lipoe kwanza, na usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Na ukisikia stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani, acha mara moja. Injini hizi za 2L na 3L zina mkanda wa taimingi unaoendesha valvu, ukikatika valvu na pistoni hukutana, na kila ukiendelea kuzungusha unaongeza hasara. Hapo ita gari la kuvuta.

Stata ikizungusha kawaida na gari haliwaki, rudi kwenye swali la mzee.

Kukata ghafla, mara nyingi ni umeme. Injini ya dizeli ya aina hii ikishawaka haihitaji umeme wowote isipokuwa sehemu moja: kidude kilichofungwa kwenye pampu inayosukuma dizeli kwenye nozeli, chenye waya mmoja, ambacho hufungua njia ya dizeli unapowasha swichi. Mafundi hukiita solenoidi. Waya wake ukilegea, au chenyewe kikichoka na kushindwa kazi kikipata joto, injini inazima papo hapo. Washa swichi bila kupiga stata, mwenzako atege sikio: kinatakiwa kulia "tik". Kimya? Chukua kipande cha waya, toa umeme moja kwa moja kwenye chanya ya betri hadi kwenye kichwa chake. Kikilia na gari likawaka, ugonjwa uko kwenye fyuzi, swichi au waya. Kisipolia hata hapo, kimekufa chenyewe. Madereva wengine hukifungua, wakatoa pini ya ndani na kukirudisha ili wafike nyumbani. Inafanya kazi, ila ujue gari halitazimika kwa ufunguo. Utalizima kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi.

Kufa taratibu, kama langu, ni njaa. Juu ya filta ya dizeli kuna kitufe kikubwa cha kupampu kwa mkono, nacho kina siri nyingi. Mzee alikibonyeza mara kadhaa, akanishika mkono, akaniwekea hapo. "Sikia." Nilikuwa nimeshakipampu mara nyingi bila kusikia chochote, maana sikujua cha kusikiliza. Kikiwa chepesi muda wote na hakiwi kigumu hata upampu mara 50, gari linavuta upepo mahali fulani: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au hicho kitufe chenyewe. Kikiwa kigumu baada ya kupampu kidogo, dizeli imefika na njia ni nzima. Changu kilifanya jambo la tatu. Kilishuka, kikabaki chini, kikawa kinapanda polepole kama kinanyonywa kutoka nyuma. Maana yake dizeli haitoki kwenye tenki.

Mzee akachomoa mpira unaoingia kwenye filta, akachukua dumu langu la lita tano la dizeli ya akiba, akaliweka juu ya boneti na kuunganisha mpira mwingine kutoka humo. Tukapampu, tukalegeza nati moja ya bomba la nozeli kwa spana namba 17, tukapiga stata mpaka dizeli ikatoka bila mapovu, tukakaza. (Mkono ukae mbali na hapo; presha yake hupenya ngozi.) Ikawaka, ikanguruma, haikuzima. Hiyo peke yake iliokoa pampu, ambayo gereji ya tatu ilishaanza kuizungumzia.

Mtu atakuambia umwage petroli kidogo kwenye mdomo wa hewa. Usikubali. Dizeli huwaka kwa mgandamizo, na petroli mle inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja vitu ambavyo vilikuwa vizima.

Tulishusha tenki siku mbili baadaye. Mle ndani, karibu na bomba la kunyonyea, palikuwa na kipande cha nailoni ukubwa wa kiganja. Gari likienda taratibu mjini kilitulia zake. Likipanda na mzigo, likivuta mafuta mengi, kilinyonywa kikaziba mdomo wa bomba. Injini ikizima, mvuto unaisha, nailoni inadondoka, na mimi nikimaliza machungwa yangu gari linawaka.

Nailoni ilitoka wapi? Ile tunayofungia mdomo wa dumu chini ya mfuniko ili lisivuje. Dumu langu, nililojaza mwenyewe, nikamimina mwenyewe, usiku, bila tochi.

Sasa nyuma ya kiti kuna spana namba 17, mita moja ya waya, na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kufunga kati ya filta na pampu pindi nikishuku upepo, maana mapovu unayaona kwa macho. Dumu nimelinunulia mfuniko wenye mpira, na faneli yenye chujio. Plagi za moto bado mpya kabisa, kama kuna anayehitaji.